Duara Halihitaji Macho

Manyoni na Itigi wafugaji wengi wa nyuki bado wanatundika mizinga ya magogo. Mdomo wa gogo huzibwa kwa mfuniko wa mbao wa duara. Mfuniko ukipwaya, siafu wanaingia na nyuki wanahama.

Je, asiyeona anaweza kuukata? Wadau, mimi nasema anaweza. Duara ni umbali mmoja tu kutoka katikati, na umbali unashikika kwa mkono.

Kata kijiti kienee sawasawa mdomoni mwa gogo. Kipime kwa kamba, ikunje katikati: hiyo ndiyo nusu kipenyo. Chukua ufito, pigilia misumari miwili itokeze upande wa pili, ncha zikiachana kwa urefu huo. Msumari mmoja ukae katikati ya mbao, wa pili uzungushe ukikwaruza hadi kidole kisikie mchirizi.

Sasa hakiki. Tembeza ufito juu ya mchirizi, msumari kwa msumari: hatua sita zikurudishe ulipoanzia. Zisipokurudisha, kuna msumari umecheza. Halafu bana mbao kwenye jiliwa, kata nje kidogo ya mchirizi, malizia kwa tupa huku ukipapasa.

Singida tuna Chuo cha Sabasaba kinachofundisha ufundi watu wenye ulemavu, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010. Hata hivyo wapo wasomi wenzetu wanaosema karakana si mahali pa kipofu. Kabla hujamfungia mtu mlango, mpe kwanza ufito na misumari miwili.