Mechi Iko Houston, Namba Iko Kidete

Haya wajukuu zangu, sogeeni. Mmezoea nikianza hadithi mnaitikia uongo njoo, utamu kolea. Leo iteni utamu peke yake. Uongo tuuache ng'ambo ya mto Mkondoa, maana hadithi yenyewe ni ya namba, na namba ikishachanganyika na uongo hakuna wa kuichambua.

Tuanze na reli, ndiyo mliyoizoea. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Kigoma mwaka 1914. Hapa kwetu inafuata bonde, stesheni baada ya stesheni: Kilosa, Munisagara, Mzaganza, Kidete, Godegode, Gulwe. Njia ni moja, treni zinapanda na kushuka. Mbona hazikugongana uso kwa uso kila siku? Kwa sababu mkuu wa stesheni hakuiachia treni iondoke mpaka aulize stesheni ya mbele kama njia ni nyeupe, na ajibiwe. Swali na jibu vilipita kwenye waya uliofuatana na reli. Kwa hiyo habari ya treni ilifika Kidete kabla ya treni. Mzee aliyekaa ofisini na simu yake alijua zaidi ya kijana aliyepanda juu ya mwembe kutazama moshi. Treni ya umeme ya SGR, iliyozinduliwa Agosti 2024, nayo haiendi bila habari kutangulia, ila siku hizi mitambo inaulizana yenyewe.

Shikeni hapo, twende mbali.

Mwaka 1989 huko Marekani, mvumbuzi aitwaye Dean Kamen alianzisha taasisi ya FIRST. Alitaka vijana waushangilie uhandisi kama wanavyoshangilia mpira. Shindano lake kubwa la wanafunzi wa sekondari huchezwa kwenye uwanja wa mita 16 hivi kwa 8, na roboti sita zilizotengenezwa na wanafunzi wenyewe. Tatu ni upande mwekundu, tatu upande wa bluu. Utamu wake ni kwamba washirika hubadilika: timu uliyocheza nayo asubuhi, mchana mnaweza kupambana. Kwa miaka mingi mechi moja ilikuwa ya dakika 2 na sekunde 30. Katika sekunde za mwanzo hakuna mwanafunzi anayeruhusiwa kugusa vidhibiti; roboti inajiendesha kwa programu iliyoandikwa nyumbani. Baadaye vijana wanashika usukani. Na mchezo wenyewe hubadilika kila mwaka: mwaka 2023 roboti zilipanga koni na michemraba ya kujazwa upepo, mwaka 2024 zikarusha pete za sponji.

Sasa tuifuate namba moja tangu inapozaliwa. Roboti nyekundu imetia pete golini. Vihisi vya uwanjani vimeiona, na waamuzi wamesimama pembeni na vishikwambi, kama vile vya sensa ya 2022 walivyopewa walimu baadaye. Kila kitu kinaingia kwenye kompyuta ya uwanja, na kioo kikubwa kinaonyesha alama zikipanda. Watu wanapiga kelele. Ninyi msipige bado. Alama zinazoonekana mechi ikiendelea si rasmi. Huenda roboti ya bluu iliigonga nyekundu mahali palipokatazwa. Hapo hawanyang'anywi bluu alama, bali nyekundu wanaongezewa. Mwamuzi mkuu anazungumza na wenzake, anaridhika, ndipo mtunza alama anabonyeza na matokeo yanatangazwa. Dakika zile za kusubiri, nasikia, ni ndefu kuliko mechi.

Baada ya hapo namba inaondoka uwanjani. Inakwenda kwenye kompyuta za FIRST, na kutoka huko inachukuliwa na wengine. Wanaojulikana zaidi ni The Blue Alliance, kazi ya watu wa kujitolea iliyoanza mwaka 2006. Wao wanampa mtu yeyote matokeo kwa njia mbili. Moja ni ukurasa wa kusoma kwa macho. Ya pili ni huduma inayoitwa API, ambayo imetengenezwa ili programu izungumze na programu nyingine. Programu yako inaomba mechi fulani, nayo inajibiwa kwa maandishi makavu yaliyopangwa kwa mabano na nukta pacha: nyekundu kadhaa, bluu kadhaa, timu hizi, saa hii. Unahitaji ufunguo, yaani mstari mrefu wa herufi na tarakimu, unaotolewa bure ukijiandikisha. Usiubandike ukutani.

Kila mechi ina jina lake. Tazameni hili: 2024cmptx_f1m1. Linatisha, lakini ukilikata vipande linasomeka: mwaka 2024, mashindano ya ubingwa yaliyofanyika Houston, Texas, fainali, mechi ya kwanza. Ukilijua jina, mechi huikosi.

Tuseme sasa kuna binti wa hapa Kidete, tumwite Neema, ana simu ya shangazi yake na bando dogo. Anataka kujua matokeo yakitoka tu. Njia rahisi ni programu yake iulize kila dakika: yametoka? Yametoka? Bando litaisha kabla ya fainali. Waliotengeneza huduma hii walilifikiria jambo hilo. Kila jibu linakuja na alama ndogo ya utambulisho. Ukiuliza tena, unaituma ile alama, kana kwamba unasema, "Nilishapewa hii." Kama hakuna kilichobadilika, unajibiwa kwa namba moja tu, 304, maana yake baki na uliyonayo. Data yote haitumwi upya. Mimi hapo ndipo nilipowavulia kofia. Waliofikiria hivyo wanajua bei ya vifurushi, au wanajua adabu.

Ipo pia njia ya kutouliza kabisa. Unaacha anwani yako, na matokeo yakitoka wanakuletea. Lakini anayeletewa lazima awe na kompyuta iliyowashwa muda wote ikisubiri mgeni, na simu ya shangazi hulala chaji ikiisha. Neema abaki na kuuliza, aulize kwa kiasi.

Halafu kuna mtego. Mechi ambayo haijachezwa inaandikwaje? Wengi mtasema sifuri kwa sifuri. Kwenye data hii mechi isiyochezwa huachwa tupu, au huandikwa hasi moja, -1. Programu isiyoambiwa hivyo itamtangazia shangazi kwamba nyekundu wana hasi moja na bluu hasi moja, na shangazi atacheka hadi jioni. Lakini sababu yake ni nzito. Sifuri ni matokeo: watu walicheza, hawakupata kitu. Tupu ni habari ambayo haijafika. Wazee wa hapa wanaijua tofauti hiyo. Desemba 2009 na Januari 2010 mafuriko yaliharibu reli kati ya Kilosa na Gulwe, safari zikasimama kwa miezi. Aliyemngoja ndugu yake kutoka Dodoma siku hizo hakusema ndugu hayupo duniani, alisema hajafika. Programu nzuri nayo iandike "bado", isiandike 0.

Mtego wa pili ni saa. Data haisemi saa mbili wala saa nane. Inatoa hesabu ya sekunde tangu usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 1970, kwa saa ya dunia isiyo ya nchi yoyote. Chukueni 1700000000. Hiyo ni tarehe 14 Novemba 2023, 22:13:20. Sisi tunaongeza saa 3, tunapata 01:13:20 ya tarehe 15. Bado Neema hawezi kumwambia shangazi "saa moja", atamdanganya. Anaruka tena saa 6, inakuwa saa saba na dakika 13 usiku. Oneni, siku nayo imegeuka! Sijaona programu kutoka nje inayofanya hatua hiyo ya mwisho. Ataiandika Neema mwenyewe, mistari miwili tu.

Na mahesabu haya si mzaha, kwa sababu yapo mashindano ambayo kila nchi hualikwa kupeleka timu moja. Yanaitwa FIRST Global Challenge, yalianza Washington mwaka 2017, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizowahi kupeleka vijana. Mwaka 2023 yalifanyika Singapore. Mechi ya saa nne asubuhi kule, hapa Kidete ni saa kumi na moja alfajiri, majogoo ndiyo kwanza wanaamka. Mwaka 2025 yakahamia Panama, na saa nne asubuhi ya huko ikawa kwetu saa kumi na mbili jioni. Huko nako nchi tatu hucheza upande mmoja dhidi ya nchi tatu.

Hapo ndipo panapozuka swali ninalolipenda kuliko yote. Alama zinatolewa kwa upande mzima. Wewe ambaye hukuwa uwanjani, utajuaje nani alibeba wenzake na nani alibebwa? Turahisishe, tuweke timu mbilimbili. A na B wamepata 40. B na C wamepata 50. A na C wamepata 30. Jumlisheni zote: 120. Kila timu imehesabiwa mara mbili, kwa hiyo zote tatu kwa pamoja zina thamani ya 60. Toa 40, C ni 20. Toa 50, A ni 10. Toa 30, B ni 30. Hujaiona roboti hata moja, na umeshamjua mkali. Wafuatiliaji wa mashindano hufanya hesabu ya namna hii kwa mechi zote za awali za shindano, huiita OPR, na timu huitazama zinapochagua washirika wa mtoano. Ina upungufu: roboti inayomzuia mpinzani asifunge haionekani vizuri humo, kwa kuwa kazi yake ni alama ambazo hazikuingia.

Na mechi halisi hazikubaliani kama mfano wangu. Timu ileile leo inang'aa, kesho betri imelegea. Ndiyo maana kompyuta hutafuta jibu linalokosea kidogo kuliko mengine yote, si jibu lisilokosea.

Penseli mnazo. A na B wamerudi uwanjani mara ya pili, safari hii wamepata 46. Zile mechi mbili nyingine zibaki kama zilivyo. Niambieni sasa A ni ngapi, na atakayeleta nambari nzima bila nukta ajue nitamwuliza amefikaje.