Kinachopanda na Mvuke: Sayansi ya Pombe Kali za Mitishamba

Kila mwaka mvua zinaposhika katika nyanda za juu za kusini, kuanzia Iringa na Njombe hadi Songea mkoani Ruvuma, machipukizi ya mianzi ya ulanzi huchomoza ardhini kwa kasi. Mgema hukata ncha ya chipukizi, hufunga chombo mahali penye jeraha, kisha hurudi asubuhi na jioni kuchukua utomvu na kukata upya. Utomvu ukiwa mbichi ni mtamu kama togwa. Ukikaa siku moja au mbili huwa pombe nyepesi, na kinywaji hicho hupewa jina lile lile la mmea wake: ulanzi.

Wapo wasioishia hapo. Pombe ya utomvu, ya ndizi, ya miwa au ya nafaka huweza kuchemshwa na mvuke wake kunaswa, ikawa gongo. Katika gongo hiyo hulowekwa mizizi, magome au majani, na kinywaji kinachopatikana husifiwa kuwa ni dawa ya tumbo, ya homa au ya kuongeza nguvu. Desturi hii si ya Afrika peke yake. Huko Ulaya, katika karne ya 19, kinywaji cha namna hiyo kiitwacho absinti kilipata umaarufu mkubwa, kikashtakiwa kuwa kinawatia watu wazimu, kikapigwa marufuku, na baada ya miaka karibu mia moja kikaruhusiwa tena. Je, ni nini hasa kilichomo ndani ya chupa za namna hii? Kipi hutoka kwenye mmea, kipi hutoka kwenye pombe, na kipi huua? Kemia ya shule ya sekondari yatosha kujibu sehemu kubwa ya maswali hayo.

KAZI YA HAMIRA

Alkoholi haitengenezwi na moto. Hutengenezwa na hamira, yaani viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho matupu. Hamira za porini huingia katika utomvu wa ulanzi zenyewe, bila kualikwa. Huvunja sukari ili kupata nishati, na mabaki ya kazi hiyo ni alkoholi ya kawaida, iitwayo ethanoli, pamoja na gesi ya kaboni dayoksaidi inayofanya povu. Kwa hesabu ya kemia, gramu 180 za glukosi zikichachuka zote hutoa gramu 92 za ethanoli na gramu 88 za kaboni dayoksaidi.

Kazi hiyo ina mpaka. Alkoholi inapozidi, hamira zenyewe hulemewa na kufa. Hamira nyingi hazivumilii zaidi ya asilimia 15 hivi. Ndiyo sababu hakuna pombe ya kuchachuka peke yake yenye ukali wa gongo. Anayetaka ukali zaidi hana budi kutenganisha alkoholi na maji, na njia yake ya kale ni kukeneka: kuchemsha, kunasa mvuke, na kuupoza uwe kimiminika tena.

JASHO LA CHUNGU

Neno la Kiswahili “araki” limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya jasho, na maana hiyo inaieleza kazi yenyewe vizuri. Mvuke hupanda kutoka chunguni, hupita katika mrija uliozamishwa katika maji baridi, na ukapozwa hutoka tone kwa tone kama jasho la mtu.

Kwenye usawa wa bahari ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78 za Selsiasi na maji kwenye nyuzi 100. Mji wa Songea uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Kwa kuwa kanieneo ya hewa huko ni ndogo, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na ethanoli nayo hushuka kidogo. Hata hivyo mpangilio haubadiliki: kilicho chepesi kuruka hutangulia. Pombe yenye asilimia 5 ya alkoholi ikianza kuchemka, matone ya kwanza huwa na alkoholi zaidi ya theluthi moja. Kadiri moto unavyoendelea, alkoholi hupungua na maji huongezeka. Mtu akikeneka mara nyingi atafika karibu asilimia 96 kwa uzito, na hapo atakwama, kwa sababu katika kiwango hicho mvuke na kimiminika huwa na mchanganyiko ule ule.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo zima. Mtambo wa kukeneka haujui kizuri wala kibaya. Unajua kinachoruka na kisichoruka tu. Chochote kinachoruka, kiwe harufu nzuri au sumu, kitapanda na mvuke na kukusanywa. Na chochote kisichoruka, hata kama ndicho dawa, kitabaki chunguni.

PAKANGA NA KISA CHA ABSINTI

Pakanga ni jamii ya mimea michungu. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanalifahamu jina hilo kama mfano wa uchungu. Pakanga ya Kiafrika huota katika milima ya Afrika ya Mashariki. Pakanga ya Ulaya ndiyo iliyotumika kutengeneza absinti katika mpaka wa Uswisi na Ufaransa. Pakanga kavu, pamoja na mbegu za mimea yenye harufu kama anisi na shamari, hulowekwa katika alkoholi kali, kisha huongezwa maji na kukenekwa.

Matokeo yake ni somo zuri la kemia. Kitu kinachoipa pakanga uchungu mkali, absinthini, hakiruki. Hubaki chunguni pamoja na majani. Mafuta ya harufu, yakiwamo anetholi ya anisi na thujoni ya pakanga, hupanda na mvuke na kuingia katika kinywaji. Anetholi huyeyuka katika alkoholi lakini haiyeyuki vizuri katika maji. Kwa hiyo mnywaji akiongeza maji baridi katika absinti, kinywaji kilichokuwa angavu hugeuka mara moja kuwa cheupe kama maziwa.

Absinti ilianza kama dawa mwishoni mwa karne ya 18. Mwaka 1805 kiwanda cha Pernod kilianzishwa Pontarlier, Ufaransa, na kufikia mwisho wa karne hiyo ya 19 kinywaji hicho kilikuwa kimeenea sana. Mwaka 1905 mkulima mmoja nchini Uswisi aliwaua mke wake na watoto wake wawili. Siku hiyo alikuwa amekunywa absinti kidogo, lakini pia alikuwa amekunywa divai nyingi mno pamoja na pombe nyingine kali. Lawama zote ziliiangukia absinti. Wananchi wa Uswisi walipiga kura mwaka 1908, marufuku ikaanza mwaka 1910, na Ufaransa ikafuata mwaka 1915. Thujoni ndiyo iliyoshtakiwa, kwa kuwa ikitumiwa kwa wingi huweza kuleta degedege.

Ushahidi wa maabara ulikuja baadaye sana. Chupa 13 za absinti za kabla ya marufuku, ambazo zilikuwa bado zimefungwa, zilipimwa, na matokeo yakatangazwa mwaka 2008. Thujoni iliyopatikana ilikuwa kwa wastani miligramu 25 hivi katika lita moja. Kiasi hicho ni kidogo. Mtu angelewa hadi kupoteza fahamu kwa ethanoli kabla thujoni haijamdhuru. Wagonjwa wengi wa absinti walikuwa, kwa sehemu kubwa, wagonjwa wa pombe yenye ukali wa kufikia asilimia 70. Na wachuuzi wa absinti ya bei nafuu walizidisha madhara kwa kutia chumvi za shaba ili kupata rangi ya kijani. Mmea ulihukumiwa kwa makosa ya mtungi. Uswisi iliruhusu absinti tena mwaka 2005, ikiwa na vipimo vya thujoni vilivyowekwa kisheria.

JE, MVUKE HUCHUKUA DAWA?

Wengi huamini kwamba kuikeneka mitishamba hukusanya nguvu yake ya uponyaji. Historia ya dawa ya malaria inaonyesha kinyume. Pakanga ya Kichina, ambayo imelimwa pia Tanzania kwa ajili ya viwanda vya dawa, ina kemikali iitwayo artemisinini. Katika miaka ya mwanzo ya 1970 mtaalamu wa China, Tu Youyou, aling'amua kwamba joto la kuchemsha lilikuwa linaiharibu dawa. Alitumia etha, inayochemka kwenye nyuzi 35 tu, akafaulu. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Anayekeneka pakanga kwa moto mkali ili apate dawa ya homa, basi, anapata harufu ya pakanga na alkoholi, bali dawa hapati. Isitoshe, pakanga ya Kiafrika si mmea ule wa Kichina, na Shirika la Afya Duniani halikubali matumizi ya majani ya pakanga ya aina yoyote kutibu malaria.

Kuloweka bila kukeneka kuna hatari ya namna nyingine. Alkoholi huyeyusha vitu vingi ambavyo maji peke yake hayaviwezi. Mzizi ambao ukichemshwa kwa maji hutoa sumu kidogo, huweza kutoa sumu nyingi ukilowekwa katika gongo kwa wiki mbili. Mganga mzoefu anajua kipimo cha mzizi wake kwa maji. Kipimo hicho hakihamishwi kwenye pombe kali bila uchunguzi.

METHANOLI, NDUGU MBAYA

Ethanoli ina ndugu aitwaye methanoli, anayechemka kwenye nyuzi 65. Kwa macho, kwa harufu na kwa ladha ni vigumu kuwatofautisha. Ini huigeuza methanoli kuwa formaldehaidi, kisha asidi ya fomiki, ambayo hushambulia neva ya jicho. Mililita 10 za methanoli tupu zaweza kupofusha, na mililita 30 zaweza kuua. Ubaya wake ni kwamba kwa saa 12 hadi 24 za mwanzo mgonjwa huonekana amelewa tu. Kisha huja maumivu ya tumbo, kuhema kwa nguvu, na macho kuona ukungu mweupe. Mtu wa namna hiyo hupelekwa hospitali mara moja, pamoja na masalio ya alichokunywa kama yapo.

Methanoli hutoka wapi? Katika matunda kuna pektini, kitu kinachogandisha jamu, na vimeng'enya vikiivunja hutoa methanoli kidogo. Utomvu na nafaka hutoa kidogo zaidi. Kiasi hicho cha asili si kawaida kuua umati wa watu. Maafa makubwa hutokana na methanoli ya viwandani kutiwa katika pombe ili kuongeza ukali kwa bei rahisi. Mjini Nairobi, mwezi Novemba 2000, pombe yenye methanoli iliua zaidi ya watu 100 na kuwapofusha wengine. Mwaka 2010 watu wasiopungua 80 walikufa wilayani Kabale, Uganda, kwa sababu hiyo hiyo.

Imani mbili zinapaswa kusahihishwa darasani. Ya kwanza ni kwamba kumwaga chupa ya mwanzo huondoa methanoli yote. Ingawa methanoli huchemka mapema, molekuli zake hushikamana sana na za maji. Katika mtambo wa chungu hutoka tangu mwanzo hadi mwisho. Ya pili ni jaribio la kiberiti: eti gongo inayowaka kwa mwali wa buluu ni safi. Methanoli nayo huwaka kwa mwali wa buluu. Kiberiti hupima wingi wa alkoholi, hakipimi aina yake. Kazi hiyo ni ya maabara kama ile ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Chombo nacho huchangia. Mrija uliolehemiwa kwa risasi, au kipozeo kilichotolewa kwenye gari bovu, hutia risasi katika kinywaji. Risasi hairuki na mvuke. Huyeyushwa na asidi zilizomo katika pombe wakati inapopita, hujikusanya mwilini, na huharibu damu, figo na ubongo polepole.

JARIBIO LA DARASANI

Nchini Tanzania sheria ya mwaka 1966 kuhusu “moshi”, jina la kisheria la pombe kali ya kienyeji, ilifanya kuwa kosa kuitengeneza au kuwa nayo bila leseni. Lakini elimu ya kukeneka haihitaji pombe hata tone moja.

Mwalimu na achukue gramu 100 za majani ya mchaichai yaliyokatwa vipande, ayatie katika chupa ya maabara pamoja na mililita 500 za maji, aunganishe kipozeo cha Liebig, na apashe moto taratibu, bila kuacha chupa ikauke. Mililita 50 za kwanza zitanukia sana, na vitone vya mafuta vitaelea juu. Wanafunzi wasome kipimajoto, kisha waulizwe: sitrali, mafuta makuu ya mchaichai, huchemka juu ya nyuzi 220, imewezaje kupanda kwenye nyuzi zisizofika 100? Jibu ni kwamba maji na mafuta yasiyochanganyika husaidiana: kanieneo ya mvuke wa kila kimoja hujumlishwa, na jumla hiyo hulingana na kanieneo ya hewa kabla ya nyuzi 100. Mwisho waonje kwa ncha ya ulimi maji yaliyokenekwa katika chombo safi cha jikoni, na chai ya majani hayo hayo. Watatambua wenyewe kwamba harufu imehama, na mengine yamebaki.

Mwanafunzi aliyeliona jambo hilo kwa macho yake hatadanganywa kwa urahisi na chupa yenye mizizi ndani. Atauliza mmea gani umelowekwa, kwa kipimo gani, pombe imetoka wapi, imepita katika chombo gani, na nani ameipima. Kama muuzaji hana majibu, chupa hiyo ibaki mahali ilipo.