Kansa ya Ini na Mambo ya Kila Siku Nyumbani

Ndugu msomaji, pengine umeona jambo hili katika mtaa wako. Mtu mwenye nguvu za kulima anaanza kukonda. Anasikia maumivu chini ya mbavu za upande wa kuume. Macho yake yanakuwa manjano, tumbo linavimba, chakula kinamshinda. Baada ya miezi michache anakufa. Ndipo maneno yanaanza. Wengine wanasema, "Amelishwa sumu." Wengine wanamtazama mjane wake, au nyanya yake mzee, na kusema, "Huyu ndiye aliyemroga." Mzee anafukuzwa nyumbani, na watoto wanabaki bila baba, tena bila nyanya.

Ugonjwa wa namna hii mara nyingi ni kansa ya ini, au ni ini lililojaa makovu. Haukuanza mwaka ule mtu alipoanza kukonda. Ulianza zamani, pengine miaka 20 au 30 mbele, kidogo kidogo, bila maumivu. Kwa hiyo ni lazima tujue unatoka wapi.

Kansa ni nini?

Mwili umejengwa kwa chembe ndogo sana, kama vile nyumba inavyojengwa kwa matofali. Chembe moja ikizeeka, nyingine inashika mahali pake kwa utaratibu. Lakini chembe zikiumizwa mara nyingi, pengine moja inaharibika na kuacha utaratibu. Inazaa nyingine mbovu kama yenyewe, nazo zinaongezeka bila kukoma. Hiyo ndiyo kansa.

Ini linakaa upande wa kuume wa tumbo. Damu inayotoka matumboni na chakula inapita kwanza ndani yake, nalo linaondoa mabaya mengi. Basi, mabaya yakija kila siku, ini linaumia, linapona kwa kovu, linaumia tena. Katika ini lililochoka hivi kansa inapata nafasi.

Kansa nyingine zinakuja bila sisi kujua sababu. Lakini Shirika la Afya la Dunia linasema kwamba kati ya kansa 100, zile 30 mpaka 50 zingeweza kuzuiwa. Kansa ya ini ni mojawapo ya zile tunazoweza kuzipunguza sana. Inayo mizizi mitatu tunayoijua vizuri.

Mzizi wa kwanza: virusi vya hepatiti B

Hivi ni vijidudu vinavyokaa katika damu na kuumiza ini. Daktari Baruch Blumberg wa Marekani na wenzake walivitambua katika miaka ya 1960, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1976.

Vinapita kwa njia gani? Mama anaweza kumpa mtoto wakati wa kuzaa. Watoto wadogo wanaambukizana kwa vidonda na mikwaruzo. Vinapita kwa wembe mmoja uliotumiwa na watu wengi, kwa chale, kwa sindano ya mtu anayezunguka na dawa mtaani, kwa damu isiyopimwa, na kwa kulala na mtu aliye navyo. Havipiti kwa kula sahani moja, wala kwa kusalimiana mikono, wala kwa kukaa benchi moja kanisani.

Angalia jambo hili. Watoto wachanga 100 wakiambukizwa, karibu 90 wanabaki na virusi hivi maisha yao yote. Watu wazima wenye afya 100 wakiambukizwa, hawafiki 5 wanaobaki navyo. Kwa hiyo mtu mwenye umri wa miaka 40 ambaye ini lake limeharibika, mara nyingi alivipata alipokuwa mtoto. Mume asimshtaki mke wake kwa sababu ya kipimo hiki, wala mke asimshtaki mume. Waje wote wawili wapimwe. Asiye na virusi apewe chanjo, kama bado hana kinga. Aliye navyo afuatwe na mganga wa hospitali, maana ziko dawa kwa wale wanaozihitaji.

Mtoto analindwa kwa chanjo. Katika nchi yetu inatolewa pamoja na chanjo nyingine akiwa na majuma 6, 10 na 14. Usiseme, "Mtoto wangu hana ugonjwa, kwa nini achomwe?" Anachomwa kwa sababu hana ugonjwa bado. Katika kisiwa cha Taiwan walianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 1984. Miaka kama kumi baadaye madaktari waliona kwamba kansa ya ini kwa watoto wa miaka 6 mpaka 14 imepungua karibu nusu. Sindano ile ndogo ilizuia kansa.

Mzizi wa pili: ukungu wa kalanga na mahindi

Wale wanaosema "sumu" hawakukosa kabisa. Sumu iko, lakini hakuna mtu aliyeitia. Iko ndani ya gunia.

Kalanga na mahindi yasipokauka vizuri yanaota ukungu. Ukungu mwingine unatengeneza sumu inayoitwa aflatoksini. Ilijulikana baada ya mwaka 1960, wakati bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kulishwa unga wa kalanga zenye ukungu. Mwaka 2004, katika mashariki ya Kenya, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yaliyooza kwa ukungu. Hao walikula sumu nyingi kwa muda mfupi. Lakini mtu akila kidogo kidogo, mwaka kwa mwaka, hafi upesi. Ini lake linaumizwa polepole, na kansa inaweza kufuata. Tena, kama ana virusi vya hepatiti B pamoja na sumu hii, hatari yake inakuwa kubwa mara nyingi kuliko ya mtu mwenye kimoja tu.

Mama, sikiliza vizuri. Moto wa jikoni hautoshi kuondoa sumu hii. Ukikaanga kalanga mbovu, ukizisaga, ukizitia katika sombe, sumu inabaki. Ukitengeneza pombe kwa mahindi yenye ukungu, sumu inabaki pia. Usiwape kuku kalanga hizo, wala usizipeleke sokoni ili mtoto wa mwingine azile.

Tufanye nini basi?

1. Ukisha kung'oa kalanga, kung'uta udongo, uzianike juu ya mkeka au hema ya plastiki, si juu ya udongo mtupu.
2. Zianike mpaka mbegu zilie ndani ya ganda unapozitikisa. Jioni na wakati wa mvua ziingize ndani.
3. Usiziloweshe kwa maji ili maganda yavunjike upesi. Maji yanaamsha ukungu.
4. Weka gunia juu ya mbao, mbali na ukuta, mahali pasipovuja. Gunia la katani linapitisha hewa kuliko la plastiki.
5. Kabla ya kupika, chagua kwa mkono. Tupa zilizokunjamana, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu, na zenye uchungu mdomoni.

Pengine utasema, "Hayo ni mambo madogo, yanaweza kushinda kansa?" Sikiliza habari ya Guinea, katika Afrika ya Magharibi. Huko vijiji 10 vilifundishwa kukausha kalanga juu ya mikeka, kuzichagua, kuziweka katika magunia ya nyuzi na kuyainua juu ya mbao. Vijiji vingine 10 viliendelea kama zamani. Baada ya miezi mitano damu ya watu ilipimwa. Katika vijiji vilivyofundishwa alama ya sumu ile ilikuwa imepungua zaidi ya nusu kuliko katika vile vingine. Habari hii ilitangazwa mwaka 2005. Walikuwa wakulima kama sisi, na kalanga kama zetu.

Mzizi wa tatu: pombe na tumbako

Pombe inaumiza ini moja kwa moja. Kanyanga na lutuku zina nguvu zaidi, lakini pombe ya ndizi na bia pia, zikinywewa sana, zinaleta makovu ya ini. Pombe inaleta tena kansa ya mdomo, ya koo, ya matumbo na ya matiti. Mwenye virusi vya hepatiti B asinywe hata kidogo.

Tumbako tunaijua kwa kansa ya mapafu. Tangu mwaka 1950 Doll na Hill, wachunguzi wa Uingereza, walionyesha jambo hilo wazi. Lakini moshi wake unaongeza pia hatari ya kansa ya ini. Mtu aliyezoea sana kunywa asione haya kusema. Aje, tumsaidie kuacha. Asiache ghafula peke yake, kwa maana wengine wanatetemeka na kuugua sana.

Ukiona dalili

Maumivu ya upande wa kuume, macho ya manjano, mkojo mweusi, tumbo kuvimba, kukonda bila sababu: ukiona mojawapo, njoo hospitali juma lile lile. Usianze kwa mfumu, wala usinywe dawa za mizizi usizozijua, kwa sababu nyingine zinaharibu ini zaidi. Pengine ugonjwa si kansa, bali ni mwingine unaoponyeka. Kama ni kansa, ikionekana mapema iko nafasi ya kusaidia. Ikionekana mwishoni, kazi yetu kubwa ni kupunguza maumivu. Kazi hiyo nayo si bure, wala mgonjwa asiachwe peke yake.

Nasema neno moja kwa wazee wa kanisa. Mkiketi katika matanga, na mtu akianza kuuliza, "Nani amemwua?", msinyamaze. Waelezeni watu habari ya virusi, ya ukungu na ya pombe. Simameni karibu na mjane na mzee asiye na mtetezi. Kisha waulizeni ndugu wa marehemu kama wamepimwa damu, maana waliozaliwa na mama mmoja na kukua katika nyumba moja wanaweza kuwa na virusi vile vile.

Nawe msomaji, ukirudi nyumbani, fanya mambo mawili juma hili. Tazama karatasi ya chanjo ya mtoto wako, uone kama sindano zote tatu zimeandikwa. Kisha fungua gunia la kalanga, utie mkono mpaka chini, na kunusa.