Mwanagenzi Jamvini (Sehemu ya Tatu)

Juma lililopita tulieleza yale wasomeshwayo chuoni vijana waliojitolea kuwa walezi na waalimu wa watoto wadogo, tukamwacha mwanafunzi wetu mlangoni, daftari kwapani, akingoja kupelekwa skuli atakayofanyia mazoezi kwa mara ya kwanza. Leo, inshallah, tumfuate mpaka ndani, kwani huko ndiko yaliyoandikwa kitabuni yanakokutana na mtoto mwenye mafua.

Kujifunzia kazi kazini si jambo geni kwetu watu wa mwambao. Katika vyuo vya Kurani, tangu enzi za mababu, mwanafunzi aliyekwisha kuvuka juzuu kadhaa aliwekwa na maalimu wake awashike wadogo alifu kwa ujiti, naye akajua kusomesha kwa kukaa ubavuni mwa ajuaye, bila ya kuandikiwa cheti na mtu. Basi ule mpango wa skuli za awali za madrasa, ulioanzia Mombasa katika miaka ya 1980 baada ya viongozi wa Kiislamu wa pwani ya Kenya kumwomba Aga Khan msaada wa elimu ya watoto wao, ukafika Unguja mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, ulipita katika njia iliyokwisha kukanyagwa: wanawake wa mitaa ile ile, tangu siku za Bi Swafiya Said aliyekuwa mkufunzi wake wa mwanzo, walipewa mafunzo kituoni, kisha mkufunzi akawafuata darasani kuwaangalia wafanyavyo. Lililokuwa jipya ni kwamba mtoto aachiwe kuchagua mchezo wake, aucheze, kisha aeleze alichokifanya, na kwamba vifuu, makombe na kokwa za ukwaju viwe ndiyo vifaa vya somo.

Siku ya kwanza mwanagenzi aghalabu huja na karatasi ya manila aliyokesha akiipaka rangi, na andalio la somo lililogawa asubuhi nzima kwa dakika. Nilipata kukaa nyuma ya darasa moja la namna hiyo. Mtoto wa kike, umri wake miaka mitatu na ushei, alikuwa ameung'ang'ania upindo wa kanga ya mamaye hata mama mwenyewe akakaribia kulia. Mwanagenzi, kwa bidii aliyokuwa nayo, akaanzisha wimbo, na kila alipopaza sauti mtoto naye alipaza kilio chake. Mwalimu wa darasa, mtu mzima wa makamo, aliinuka taratibu, akampa mtoto kikopo cha maji, akamwambia, “Njoo unisaidie, huu mpapai una kiu.” Mtoto akaiachia kanga.

Baadaye yule kijana aliuliza, “Mwalimu, ulijuaje?”

“Sikujua, mwanangu. Nilimwona tu akiutazama ule mpapai tangu alipoingia.”

Maria Montessori, yule daktari wa Kiitaliano aliyefungua nyumba yake ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, Januari 1907, alitaka mwalimu atazame kwanza kabla ya kutia mkono wake. Lakini mazoezi yetu hayampi mwanafunzi faragha ya kutazama. Ama huachiwa darasa zima peke yake kwa kuwa mwalimu mwenyewe amepata udhuru, ama hutumwa jikoni kukoroga uji (nami siuoni uji kuwa ni fedheha, kwani mtoto hujulikana zaidi akiwa na njaa), kisha msimamizi huja siku moja, akalikagua andalio la somo, akatia alama na kuondoka bila ya kukaa jamvini hata kidogo. Lau ningekuwa na amri, juma la kwanza lote mwanagenzi asingefundisha neno. Angepewa mtoto mmoja, amwandike.

Yule kijana alinionyesha daftari lake juma la tatu. Siku ya kwanza, mbele ya jina la mtoto wa mpapai, alikuwa ameandika neno moja tu: “Msumbufu.” Kurasa chache baadaye, kwa mwandiko ule ule: “Hugusa udongo kwanza. Ukiwa umelowa, hamwagi maji.”

(Itaendelea)