Hakuna Asilimia 30

Swali limerudi tena, safari hii na picha: SpongeBob, yule dodoki wa katuni, ni kondakta wa daladala, ananing'inia mlangoni huku Godzilla, lile dubwana la filamu, akidai chenji yake. Mchoraji ana kipaji, na nilicheka. Kisha akauliza kama walivyouliza wenzake wote: "Wakili, nimebadilisha zaidi ya asilimia 30. Si imeshakuwa yangu? Nichape fulana?"

Hapana. Na anayeijua hiyo asilimia 30 aniletee kifungu. Haimo katika Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, haimo katika ile ya Kenya ya 2001, wala haimo katika ya Marekani. Hakimu hapimi picha kwa rula. Hutazama ulichochukua, ulichoongeza hakikifuti. Na katika vichekesho vya namna hii, ulichochukua kiko wazi, kwa sababu mzaha hauchekeshi mpaka mtoto apige kelele, "SpongeBob huyo!" Ukimgeuza asitambulike, utani umekufa. Ukimwacha atambulike, umechukua kile kile kinacholindwa. Daladala, sare na chenji ni vyako. Yule wa njano mwenye suruali ya mraba ana mwenyewe, na Godzilla naye ana wake. Kuchanganya kazi mbili za watu hakuzai kazi isiyo na mwenyewe. Kunakuongezea wa kukudai.

Wengine hujikinga kwa maandishi madogo chini ya picha: "Huu ni mzaha, sina nia ya kuvunja hakimiliki." Hirizi tupu. Kampuni ya ComicMix ya Marekani iliandaa kitabu kilichochanganya dunia ya Dr. Seuss, mwandishi wa vitabu vya watoto, na ile ya tamthilia ya Star Trek. Ndani ilitamka kwamba kitabu ni cha mzaha na hakihusiani na wenye kazi. Desemba 2020 Mahakama ya Rufaa ya huko iliukataa utetezi wake: mzaha unaokingwa ni ule unaoisema kazi yenyewe, si ule unaoazima sura yake kuchekeshea mengine. Hiyo ni Marekani, ambako sheria ina nafasi pana kwa utani. Usiniambie pia kwamba hiyo katuni ni ya ng'ambo. Tanzania imo katika Mkataba wa Berne tangu 1994, kwa hiyo kazi za ng'ambo zinalindwa hapa.

"Mbona mtandaoni zimejaa?" Zimejaa kwa kuwa wenyewe wamenyamaza. Kunyamaza si kibali, na fulana ikianza kuuzwa ukimya huo huisha haraka.

Sasa la kufanya. Chora upendavyo kwa matumizi yako binafsi nyumbani. Sheria yetu inaruhusu. Ukitaka kuuza, omba leseni kwa maandishi. Ukitaka mhusika wa zamani, Mickey Mouse wa filamu ya Steamboat Willie ya 1928 yuko huru Marekani tangu Januari 1, 2024, lakini si kila sura ya Mickey iliyo huru, na alama ya biashara ya Disney bado ipo. Nje ya Marekani hesabu ya miaka ni nyingine, uliza kwanza. Njia bora kuliko zote: chora dodoki lako mwenyewe, lipe sura na jina, lisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kisha lipandishe daladala lolote utakalo.

Fulana za SpongeBob usichape.