Kiswahili katika Masomo ya Sayansi ya Shule za Sekondari: Mfano wa Nizi, Ituri

Utangulizi

Nizi ni kituo kilicho katika wilaya ya Djugu, kaskazini mwa mji wa Bunia, katika jimbo la Ituri. Kimo katika nchi ya dhahabu ya Kilo, ambako uchimbaji ulianza mwaka 1905 na ambako, mwaka 1926, iliundwa kampuni ya migodi ya Kilo-Moto. Migodi iliwakutanisha watu wa makabila mbalimbali, na Kiswahili kikawa lugha yao ya kuelewana. Hata leo si ajabu kwa mtoto wa huko kusema Kilendu nyumbani, Kiswahili sokoni, na Kifaransa mbele ya mwalimu.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi hali hiyo ya lugha inavyoyagusa masomo ya sayansi yanayotolewa kwa wanafunzi wa sekondari. Hoja yake ni kwamba Kiswahili kinafanya kazi kubwa katika masomo hayo, ingawa kazi hiyo haitambuliwi. Hata hivyo, Kiswahili kinachotumika ni kile cha mazungumzo, ambacho maneno yake hayajawekewa mipaka ambayo sayansi huihitaji.

Masomo yenyewe

Kwa mujibu wa sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014, elimu ya msingi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huchukua miaka minane: sita ya shule ya msingi, kisha darasa la saba na la nane. Baada ya hapo huja miaka minne ambayo kwa Kifaransa huitwa "humanités", na hapo mwanafunzi huchagua mkondo. Mkondo wa sayansi kwa muda mrefu ulikuwa na matawi mawili: tawi la hisabati na fizikia, na tawi la kemia na biolojia. Mwishoni mwa safari hiyo upo Mtihani wa Taifa, ulioanzishwa mwaka 1967. Mtihani huo hufanywa kwa Kifaransa. Hata mwanafunzi hodari wa kemia hana budi kwanza kuandika insha ya Kifaransa. Cheti chake ndicho ufunguo wa chuo kikuu, wa shule za udaktari na za uhandisi.

Kuanzia mwaka 2018, mitaala mipya ya hisabati na sayansi ilianza kuingizwa darasa baada ya darasa, kuanzia la saba. Mitaala hiyo humtaka mwalimu aanzishe somo kwa hali iliyotoka katika maisha ya mwanafunzi, na kutoka hapo ajenge dhana ya kisayansi. Sharti hili lina uzito wa pekee kwa mada yetu, kwa sababu maisha ya mwanafunzi wa Nizi hayapiti katika Kifaransa. Hali anayoijua anaijua kwa Kiswahili au kwa Kilendu. Anayeombwa kuieleza kwa lugha nyingine anaombwa kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: kufikiri na kufasiri.

Nafasi ya lugha katika shule

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika ibara yake ya kwanza, inakitambua Kifaransa kuwa lugha rasmi, na inazitaja lugha nne za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba. Sheria ya mwaka 2014 nayo inazipa lugha za taifa na lugha za mazingira ya mtoto nafasi katika kufundishia. Lakini katika sekondari vitabu ni vya Kifaransa, maswali ni ya Kifaransa, na majibu yanayopewa alama ni ya Kifaransa.

Hapana shaka kwamba mwalimu anapoona nyuso za wanafunzi zimebadilika, humaliza kusoma tafsiri ya dhana kwa Kifaransa, kisha akaigeukia lugha ya watoto ili kuwafafanulia. Jambo hili si la Nizi peke yake. Hutokea popote ambapo lugha ya shule si lugha ya nyumbani. Tatizo haliko katika kugeukia Kiswahili. Liko katika kukigeukia bila matayarisho.

Mfano wa kwanza: uzito wa dhahabu

Watoto wa eneo la Kilo hukua wakiona mchanga ukioshwa katika karai. Maji huzungushwa, mchanga hutoka, na chembe za zahabu, kama neno dhahabu linavyotamkwa huko, hubaki chini. Mtoto akiulizwa sababu, hujibu mara moja: dhahabu ni nzito kuliko mchanga.

Jibu hili ni sahihi na si sahihi. Karai iliyojaa mchanga ni nzito mno kuliko chembe moja ya dhahabu, na hakuna mtoto asiyelijua hilo. Anachomaanisha ni kwamba tukichukua dhahabu na mchanga wa ujazo uleule, dhahabu itakuwa nzito zaidi. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu ina gramu 19.3 hivi, ilhali ya mawe ya kwatsi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mchanga, ina gramu 2.65 hivi. Tofauti ni ya zaidi ya mara saba. Kiasi hicho cha gramu kwa kila kipimo cha ujazo ndicho Kiswahili cha sayansi hukiita densiti, na ndicho kitabu cha Kifaransa hukiita "masse volumique".

Mwanafunzi anaweza kukariri tafsiri ya Kifaransa neno kwa neno asitambue kamwe kwamba inazungumzia karai aliyoiona tangu utotoni. Vilevile, mwalimu akifafanua kwa kusema tu kwamba densiti ni "uzito", ameongeza giza. Neno uzito katika mazungumzo hubeba dhana tatu: wingi wa mata uliomo katika kitu, ambao Kiswahili cha sayansi huuita tungamo, kani ambayo kwayo dunia hukivuta kitu hicho, ambayo ndiyo uzito wa mwanafizikia, na densiti. Kabla ya kulitumia neno hilo darasani, mwalimu hana budi kulipasua.

Mfano wa pili: maji ya Shari

Mfano mwingine unatolewa na mto Shari, katika wilaya hiyohiyo ya Djugu, ambako migodi ya Kilo-Moto ilijenga kituo cha umeme cha Budana. Watu husema kwamba maji yale yana nguvu. Kwa mazungumzo yanatosha. Kwa fizikia, neno hilo nguvu limeficha dhana tatu zenye vipimo vitatu tofauti.

Tuchukue mita moja ya ujazo ya maji, yaani kilo 1,000, iangukayo mita 10. Dunia huyavuta maji hayo kwa takriban niutoni 9,800: hii ni kani. Yanapofika chini, mvuto huo umefanya kazi ya takriban juli 98,000: hii ni nishati. Ikiwa kiasi hicho cha maji huanguka katika kila sekunde, tunapata wati 98,000: hii ni nguvu kwa maana yake finyu, yaani kiasi cha nishati kinachotolewa kwa kila sekunde. Mitambo haiigeuzi yote kuwa umeme, kwani sehemu hupotea kwa msuguano na joto, lakini hesabu hiyo inaonyesha njia. Mwanafunzi aliyeelewa kwamba kani, nishati na nguvu ni vitu vitatu hatachanganya "force", "énergie" na "puissance" katika mtihani. Aliyefafanuliwa yote matatu kwa neno moja atayachanganya, na kosa lake litahesabiwa kuwa la fizikia, hali kwa kweli ni la lugha.

Ni vivyo hivyo kwa neno moto, ambalo kinywani mwa watu huweza kumaanisha mwako wenyewe, au joto, au kiwango cha joto. Sayansi hutenga joto, ambalo ni nishati inayohama, na halijoto, ambayo hupimwa kwa kipimajoto.

Istilahi zilizopo

Yafaa ieleweke kwamba maneno ya kutenganisha dhana hizo hayahitaji kubuniwa upya. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa mwaka 1990 Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Istilahi kama kani, nishati, seli, molekuli na usanisinuru zimeshazoeleka katika maandishi ya Kiswahili ya Tanzania.

Hata hivyo, istilahi hizo haziwezi kupelekwa Ituri kama mzigo uliofungwa. Nyingi zilikopwa kupitia Kiingereza, na mwanafunzi wa Kongo anazikuta sambamba na majina ya Kifaransa. Wakati mwingine tofauti hiyo humsaidia. Gesi ambayo Kifaransa huiita "azote" huandikwa kwa alama N, na alama hiyo humshangaza mwanafunzi. Jina la Kiswahili, nitrojeni, linaiweka wazi. Wakati mwingine haimsaidii: Na ni alama ya sodiamu, na jina la Kiswahili haliielezi alama hiyo hata kidogo, kwa kuwa alama ilitoka katika jina la Kilatini. Kwa hiyo kila istilahi yapasa kupimwa kwa swali moja: je, inamfikisha mwanafunzi kwenye dhana, kisha kwenye jina la Kifaransa atakaloulizwa?

Tanzania yenyewe inatoa funzo. Huko Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia shule za msingi tangu mwaka 1967. Mwaka 1982 tume ya rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza kitumike pia katika sekondari, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa. Kamusi zilikuwapo, mtihani ukabaki wa Kiingereza, na shule zikaufuata mtihani. Anayetaka kuwasaidia wanafunzi wa Nizi leo hana haja ya kusubiri mtihani ubadilike. Ajenge daraja linalofika mpaka kwenye mtihani uliopo. Daraja hilo linaweza kuwa jambo dogo: safu tatu ubaoni, ya kwanza ikiwa na neno la mazungumzo, ya pili istilahi ya Kiswahili, ya tatu jina la Kifaransa, na chini yake mfano mmoja wa mahali hapo.

Kwa nini jambo hili ni zito

Huenda mtu akasema kwamba Djugu ina matatizo makubwa kuliko istilahi. Ni kweli. Vita vya mwaka 1999 hadi 2003, na mapigano yaliyozuka upya mwishoni mwa mwaka 2017, viliwafukuza watu makwao na kufunga shule. Pasipo maabara, vitabu na usalama, neno zuri halitoshi. Lakini mahali ambapo maabara haipo, maneno ndiyo chombo pekee alichobaki nacho mwalimu, na chombo pekee hakifai kiwe butu.

Aidha, sayansi si ya mtihani tu. Pale wachimbaji wanapotumia zebaki kuishika dhahabu, mchanganyiko huo huchomwa motoni ili zebaki iondoke. Haipotei, imegeuka mvuke usioonekana, ambao huingia mapafuni na kudhuru ubongo, neva na figo, na hatari yake ni kubwa zaidi kwa watoto na kwa mimba. Mwanafunzi aliyejifunza mvukizo kwa Kifaransa tu anaweza kupata alama zake zote, asiweze kumweleza mama yake kwa nini moto ule usiwashwe jikoni. Aliyejifunza kwa lugha zote mbili ataweza.

Hitimisho

Masomo ya sayansi ya sekondari katika Ituri tayari hupita katika Kiswahili. Kinachokosekana ni utaratibu. Kazi ya kwanza ni ya mahali walimu wanapoandaliwa, kama vile Chuo cha Juu cha Ualimu cha Bunia: kuyakusanya maneno ya mazungumzo yanayotumika madarasani, kuyawekea mipaka, kuyalinganisha na istilahi sanifu, na kuyafunga na majina ya Kifaransa. Idara ya lugha na idara za sayansi haziwezi kuifanya kazi hiyo kila moja peke yake. Mwanaisimu hajui densiti inapimwaje, na mwanafizikia hajui neno uzito limebeba maana ngapi.