Funza wa Dengu: Sumu ya Dukani au Vijidudu?

Mabishano haya hosteli huwa hayaishi: mmoja anasema kemikali zinaua ardhi, mwingine anamjibu mbona wanaopulizia wanavuna. Haya, twendeni shambani.

Shinyanga na Simiyu dengu hupandwa mvua zikielekea kuisha, zikakua kwa unyevu uliobaki kwenye udongo mweusi wa mbuga. Zikiliwa hapo, hakuna mvua ya kurudia kupanda, na ada ya mtoto ndiyo imekwenda. Mlaji mkuu ni Helicoverpa armigera, yuleyule funza wa vitumba anayesumbua pamba ya kanda hiyohiyo. Hutoboa ganda, akaingiza kichwa na kula punje huku mwili umebaki nje.

Sumu za kundi la pairethroidi humwangusha upesi, ndiyo maana zinapendwa. Ila zinaua na buibui na nyigu waliokuwa wakimsaidia mkulima bure, na funza huyu ameshajenga usugu dhidi ya kundi hilo katika nchi nyingi. Ukirudia dawa ileile kila mara, unawachuja wale sugu na kuwaachia shamba wazaliane.

Bakteria Bacillus thuringiensis, au Bt, lazima aliwe. Utumbo wa funza huharibika, akaacha kula ndani ya saa chache, lakini kufa huchukua siku kadhaa. Mkulima akichungulia kesho yake na kumkuta bado yupo, atasema ametapeliwa! Kirusi cha NPV ndiyo kioja: funza mgonjwa hupanda juu ya mmea, akafa akining'inia, kisha mwili huyeyuka na kuwamwagia virusi wenzake walio chini. Vyote viwili huharibiwa na jua, kwa hiyo hupuliziwa jioni, tena kwa funza wadogo.

Na si kila cha kibiolojia kinafaa. Kinyigu Trichogramma, anayetaga ndani ya mayai ya wadudu waharibifu, kwenye dengu hafui dafu: vinyweleo vya majani hutoa asidi inayomkwamisha.

Mimi ningeanza na macho. Maua yakitokea, kagua shamba mara mbili kwa wiki. Funza wakiwa wadogo, Bt au NPV. Wakishanenepa umechelewa, hapo sumu ya dukani, kwa kipimo cha kibandiko, glavu mkononi, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna zihesabiwe kweli.